Sufuria Iingie na Wimbo wa Harusi

Mama Neema,

Ungekuwa hapa, swali la kwanza lingekuwa, "We Mutanzania, umeisha kula?" Nimekula. Maharage na ndizi, chumvi imezidi kama kawaida yangu. Huku Muyinga hakuna wa kuninyang'anya mwiko.

Binti yako amerudi kwenu Uvira, ng'ambo ya mpaka. Amani uliyoingojea miaka yote ukiuza vitenge sokoni Gitega, yeye ndiye ameifuata, na anasema nyumba yenu bado ina paa. Sufuria kubwa aliniachia mimi. Nilikuja nayo juu ya basi, ikagonga-gonga njia nzima, nikaona kama unanigombeza.

Nimerudi kwenye shamba la baba, lile alilolikimbia wakati wa vita, kabla sijazaliwa kule kambini Tanzania. Nimewakusanya akina mama wa huku kama ulivyotukusanya sisi. Kazi ni ileile ya kujitolea: hatuzimi moto wala hatufungi majeraha, tunawapikia wanaofanya hivyo na kuwafunika waliolowa.

Unakumbuka Buraza, mlima ulipomeguka? Tuliingia kwa heshima, kimya, vyungu kichwani, vitenge kiunoni. Na nani asiyejua kwamba wanawake wakija hivyo, nyumba imefiwa? Mama wa kijana mmoja aliyekuwa amefukiwa na udongo akatuona, akajitupa chini kulia. Kumbe mwanawe amekaa ndani ya ambulansi anadai kiatu chake! Ulituchachamalia sote: "Bon! Kuanzia leo tunaingia na wimbo ya harusi. Mutu iko muzima, mbona tunamuletea kilio?" Toka siku hiyo, kila palipoanguka kitu, sisi tulifika na vigelegele, na zimamoto wakatuita maharusi.

Siku ya matanga yako tuliingia kimya. Tulibeba vyungu vilevile. Hakuna aliyetuelewa vibaya. Mama, siku ile niliuchukia ukimya kuliko kitu chochote.

Tangu hapo sikuweza kuimba. Hata kanisani nilikuwa nachezesha midomo tu.

Halafu juzi mvua ikaangusha ukuta wa ghala, Mzee Lazaro akiwa ndani. Zimamoto walikuwa wanachimba, mkewe amekaa pembeni kwenye jiwe, ameshika kofia ya mume wake. Sisi tukatokea nyuma ya migomba na sufuria yako. Wimbo ulikuwa wangu kuanza. Nikafungua mdomo, wimbo haukutoka. Wenzangu wakanitazama, nao wakanyamaza.

Bibi akatuona. Akasimama, mikono kichwani, "Yoo, Lazaro wangu!" Na wachimbaji waliposikia kilio chake, wakadhani wenzao wa upande wa pili wamemkuta amekufa. Wakashusha sepetu. Mmoja akavua helmeti.

Mama, niliogopa! Mzee yuko chini ya matofali, pengine anapumua, na watu wameacha kuchimba kwa sababu yangu mimi.

Nikaimba. Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyenaswa kamba, ungecheka mpaka uketi chini. Niliimba ule wako wa kumpokea bibi harusi, maneno nusu nimeyasahau, nikajazia la la la. Akina mama wakadakia. Mmoja akapiga vigelegele, sufuria ikapigwa kwa mwiko. Bibi akanyamaza, akatukodolea macho kama wendawazimu. Mkuu wa zimamoto akauliza kwa sauti nani amesema mzee amekufa. Akawafokea vijana wake, sepetu zikarudi kazini.

Walimtoa mguu umevunjika, vumbi mpaka kwenye kope. Neno lake la kwanza alimuuliza mkewe: "Nani anaolewa?"

Nilicheka, Mama Neema. Nikacheka hadi nikalia, nikakulilia wewe, pale pale mbele ya watu, huku nikigawa uji. Bibi akanifuta uso kwa kofia ya mumewe. Hakuuliza ninamlilia nani.

Sasa nakuaga vizuri, maana kaburini sikuweza. Pumzika, mama yangu wa Gitega. Mvua bado zipo, na sufuria yako haitakaa bure. Nakuahidi kuuanza wimbo mimi mwenyewe, tukiwa bado mbali, hata sauti iwe ya mbuzi. Ukimya ule niliubeba kwa ajili yako. Mtu aliye hai simpelekei.

Mutanzania wako