Hatua Moja Nyuma

Trieste, 3 Novemba 1987

Mdogo wangu mpendwa Etelka,

Leo natimiza miaka thelathini na moja mbali na Debrecen. Hujambo? Mguu umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kusoma. Pole sana kwa kufiwa na Lóránt. Barua yako nimeirudia mara nne, hasa pale unaponishukuru kwa kumtoa mumeo akiwa hai katika kizimba cha wanyama.

Unamkumbuka Bíbor, yule chui-milia jike. Nilimfundisha miaka miwili kwa vipande vya nyama kwenye ncha ya fimbo, bila kumchapa hata siku moja. Kisha meneja wa sarakasi akasema watu hawaji kumtazama mwalimu. Akampa Lóránt, kwa mabega yake na sauti yake, koti la dhahabu na onyesho langu. Mimi nikabaki nje ya nondo. Shemeji aliniita yaya wa paka, akaniuliza mbele ya wote kama leo nimeshawabadilisha nepi. Walicheka, nami nikacheka. Siku nyingine alimchoma Bíbor puani kwa sigara ili wageni wa meneja wamsikie akinguruma.

Lile shambulio lililowatia watu hofu lilikuwa mchezo. Bíbor alikuja mbio, meno nje. Mtu akirudi hatua moja nyuma, alisimama papo hapo, akaenda kwenye kigoda chake kungoja nyama. Ndivyo nilivyomfundisha. Lóránt alidhani anaogopwa yeye.

Jumamosi ile, kabla hajaingia, nilimwambia: shemeji, mbona unarudi nyuma kama mwoga? Simama imara uone watakavyokushangilia. Akanipiga begani, akasema kumbe hata yaya anaijua kazi.

Alisimama imara. Watu walishangilia kweli, wakidhani ndivyo onyesho linavyokwenda. Fimbo ndefu ilikuwa mkononi mwangu. Nilingoja mpaka makofi yakaisha, ndipo nikaingia.

Bíbor alipigwa risasi kesho yake. Wewe ukabaki kumlisha kwa kijiko mwanaume asiye na taya, zaidi ya miaka thelathini. Nilipoondoka mwaka uliofuata mlidhani nakimbia vifaru vya Warusi. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kukaa mezani kwako ukinijazia sahani na kuniita mwokozi wenu.

Nisalimie wanao, na umwambie mkubwa haya yote, asiyasikie kwa mwingine. Umeandika kwamba chumba cha mama umekipaka rangi kwa ajili yangu. Mpe mtu mwingine. Sitarudi.

Kaka yako,
Ákos