Aliyemfuta Kaka Ukutani

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama ametuambia umeanza kutembea bila fimbo, tukafurahi, ingawa anasema wewe hukai kitako hata ukiwa mgonjwa. Binamu zangu nao hawajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Zaidi ya hapo sisemi, maana sitaki kuanza barua kwa uongo.

Dada anakuja kwako Jumatano. Atakuambia kwamba hana baba tena. Baba ni mdogo wako, kwa hiyo naomba ujue yote kabla hujamjibu, pamoja na jambo moja ambalo Dada mwenyewe halijui. Jambo hilo nililifanya mimi.

Hukuweza kuja mazishini, na kwenye simu watu hawasemi yote. Siku Kaka alipoanguka, yeye na Baba walikuwa wanapaka rangi maktaba ya chuo anachosoma Dada. Mkanda wa usalama ulikuwa mmoja. Mkandarasi, ambaye mafundi humwita Bwana Kesho, alikuwa akiahidi mikanda mingine kila asubuhi. Kaka ndiye aliyeuvaa kwanza. Baba akamwambia avue ampe, kwa kuwa yeye alikuwa anapanda ghorofa ya nne na Kaka anabaki ya tatu. Humu ndani sote tunalijua hilo, na hakuna anayelitamka.

Baada ya hapo Dada aliacha masomo kwa miezi mitano. Alilala akiutazama ukuta. Mama alimlisha kwa kijiko kama mtoto. Siku moja akachukua makopo ya rangi yaliyobaki chini ya kitanda cha Baba, akaanza kuchora nyuma ya kalenda. Alichora masikio ya Kaka. Unayakumbuka yalivyokuwa makubwa. Wiki nzima alichora masikio tu, hadi siku moja akacheka peke yake, na Mama akatoka jikoni mbio kuja kuona nani anacheka.

Alirudi chuoni akiwa mtu mwingine. Alisema akimaliza sheria atakuwa wakili wa mafundi, na kesi yake ya kwanza itakuwa ya Bwana Kesho. Wanafunzi arobaini walikaa naye mbele ya ofisi za chuo siku tatu, wakidai kila fundi apewe mkanda wake. Ikaletwa mikanda kumi, ikavalishwa mafundi kumi, wakapigwa picha, ikarudishwa dukani jioni ileile.

Ndipo Dada akamchora Kaka kwenye ukuta wa maktaba, pale chini alipoangukia. Alimchora kwa kimo chake kamili, na brashi mkononi, masikio yake yote mawili, na mkanda mwekundu kiunoni. Ilimchukua siku tisa. Mimi huenda maktaba ile kila Jumamosi, kwa sababu Dada alimwomba mlinzi aniruhusu kusoma, na nakuambia kweli, Shangazi, nilikuwa namwamkia Kaka kabla ya kuingia. Siku hizo tisa Dada alikula, alilala, aliimba akifua. Nilidhani tumepona.

Mlezi wa wanafunzi alimwita ofisini. Alimwambia, "Chuo si makaburini, binti yangu. Ukitaka kulia, nyumbani kwenu kuna nafasi." Dada hakujali. Aliniambia siri yake: alitumia rangi ya mafuta. Baba alitufundisha tangu wadogo kwamba rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. "Waache wapake," aliniambia. "Itabanduka yote, na Kaka atawachungulia."

Kazi ya kumfuta Kaka, Bwana Kesho alimletea Baba. Alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akasema, "Mzee, kazi ndogo tu. Kuna doa moja ukutani." Baba akajibu, "Doa hilo nalijua."

Jioni hiyo tulipokuwa tunakula, Baba akaniuliza polepole, "Alitumia rangi gani, yule dada yako?" Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja picha ile. Nilifikiri ameanza kujivunia. Wewe unajua sipendi kuongea mezani, lakini hili nilikuwa na jibu lake, nikalitoa lote kama nipo darasani: ya mafuta, Baba, ili rangi ya maji ibanduke. Baba aliacha kutafuna. Akasema, "Vizuri." Basi.

Jumamosi, tarehe 6, nikiwa maktaba nilisikia msasa. Nilitoka na kitabu mkononi. Baba alikuwa amepiga magoti, anamkwangua Kaka, na alikuwa ameanzia kwenye mkanda. Dada alifika anakimbia, wenzake nyuma yake.

"Baba, weka chini. Huyo ni mwanao."

"Ndiyo maana sitaki mkono wa mtu mwingine umguse."

"Ulimvua mkanda mara ya kwanza, na leo unamvua tena?"

Baba aliendelea kukwangua. Alipofika usoni alikwangua taratibu zaidi, lakini alikwangua. Kisha akafungua kopo la praima, ile rangi ya chini inayoshikisha nyingine hata juu ya mafuta. Dada alipoliona akajua hapatabanduka kitu.

"Nani alikuambia ni ya mafuta?"

Baba alinitazama. Nilisubiri aseme. Akageukia ukuta, akasema, "Mikono yangu. Miaka thelathini nashika rangi, nifundishwe na wewe?"

"Basi mimi sina baba," Dada akasema.

Baba akachovya brashi.

Alipaka praima, kisha rangi mara mbili, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Bwana Kesho alikuja kukagua, akampigapiga begani: "Fundi wewe! Mtu hawezi kujua kama palikuwa na mtu hapa." Tangu siku hiyo Baba hasemi. Akirudi kazini ananawa mikono hadi sabuni inaisha.

Chuo kimemsimamisha Dada mwaka mzima. Brashi zake amezitupa kwenye pipa la karakana. Nilizifuata, nikakuta zimeshachomwa pamoja na taka. Anasema hataki tena sheria wala picha wala nyumba hii. Jana usiku alinikumbatia akaniambia, "Umebaki wewe tu humu ndani." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nimekuwa nayo siku nane. Kila nikifungua mdomo nauliza kama amekunywa chai.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, usinifichie. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Ajue kwamba Baba hakutambua kwa mikono yake bali kwa mdomo wangu, na kwamba alinikinga mbele ya watu, nami nikakubali kukingwa. Najua nikishampa hili atabaki bila mtu kabisa. Lakini anamchukia Baba hadi kwa sehemu ya kosa iliyo yangu, na siwezi kuendelea kula meza moja na Baba nikimtazama akiibeba.

Wasalimie binamu zangu wote, na bibi jirani anayekuletea maziwa. Mama anakusalimu sana. Baba hajui kama naandika. Mungu akunyooshe mgongo, na akupe kifua cha kumpokea Dada.

Yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Aliniomba nikuandikie salamu, nami nimeifunga bahasha kwa gundi. Akikukabidhi ikiwa imefunguliwa, usimuulize kitu. Mpe maji anywe, umwonyeshe pa kulala.

Wako akupendaye, hata kama hutanipenda tena kwa muda,

Mdogo wao.