Dola ya Kogo Taplelei

Jumatatu, 3 Machi

Chai imechumwa, ng'ombe wamekamuliwa, mikono nimenawa mara mbili. Ndipo nikafungua sanduku. Dola zangu kumi na moja za fedha, za Marekani ya zamani. Nilikuwa karani wa mizani kiwandani miaka mingi. Kupima hakujanitoka mwilini.

Mama Chepkoech amekuja kutoka Kabianga na ya kumi na mbili, imefungwa kwenye leso. Nyeusi tititi. Marehemu mamake, Kogo Taplelei (kogo ni nyanya kwao), aliwapikia wamisionari upande wa Bomet. Walipoondoka, mama wa nyumba ile akampa dola hii kwa shukrani. Kaka zake Mama Chepkoech hucheka: Kogo alidanganywa, au alidanganya. Jumapili wanakutana kumkumbuka, mwaka mmoja tangu azikwe. Hataki kuuza. Anataka kujua kama mamake alisema kweli.

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Majivuno yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mbaya.

Sumaku haishiki, sawa. Lakini mizani inasema gramu ishirini na saba na kitu. Dola halali haifiki hapo. Sarafu ikizeeka hupungua, haiongezeki. Nimeigonga kwa kucha: zangu huimba, hii imesema tap, kama kifuniko cha soda. Na ule weusi unabaki kidoleni. Weusi wa fedha halisi haushiki mkono. Matapeli hupaka sarafu mpya masizi ili ionekane ya kale.

Bandia. Nimekosa hamu ya chakula.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda Kabianga. Nimemwambia usoni, kwa sababu simu ingekuwa woga. Hakulia. Hakubisha. Alisimama, akaniletea mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni.

"Kunywa kwanza, Baba Moraa. Umetoka mbali."

Mwanamke wa ajabu. Mimi nimemvunjia jina la mamake, yeye ananimiminia maziwa.

Kikombe kilikuwa na vidoa vyeusi, vile vya makaa wanayosugulia vibuyu. Mimi Mkisii nimekunywa mursik hapa miaka thelathini, sijawahi kuvitazama. Leo nilivitazama. Nikanusa kikombe. Nikanusa dola. Harufu moja.

Nikauliza Kogo alikuwa akiiweka wapi.

"Kwa sotet yake ya zamani. Alisema mwizi hawezi ingiza mkono kwa kibuyu."

Swali la kwanza la kuuliza, na mimi nimeliuliza la mwisho. Mjinga mwenye mizani.

Jumamosi, 8 Machi

Watu huharibu sarafu kwa kusugua. Mimi sikusugua. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, subira. Nilibadilisha maji mara saba. Makaa na mafuta ya maziwa yakaachia polepole, utando baada ya utando.

Halafu nikaona. Nywele za mwanamke aliyechorwa upande mmoja, juu ya sikio, uzi kwa uzi. Upande wa pili, manyoya ya kifua cha tai, yote yapo. Kwenye dola zangu sehemu hizo zimelika. Gramu ishirini na sita na robo tatu hivi, ilivyotakiwa. Nikaigonga. Ikaimba mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Nimelia, nakiri. Kogo alitunza sarafu kuliko mimi na vitabu vyangu vyote.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaeleza kaka zake mbele ya watu wote, nikianza na kosa langu. Mama Chepkoech akaigonga mezani mwenyewe. Ikaimba. Kaka mkubwa akavua kofia. Mdogo akauliza itauzwa pesa ngapi. Mama Chepkoech akaifunga kwenye leso.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nilimpelekea Mama Chepkoech kikasha cha plastiki cha kuhifadhia. Alishukuru sana, akakiweka kabatini. Dola ameirudisha kibuyuni. Nikamaliza mursik yangu, nikaaga.

Jioni nimeandika kwenye daftari langu mstari wa kumi na mbili, ingawa si yangu. Hali: bora kuliko zangu zote. Mtunzaji: Taplelei, mpishi.