Tembo wa Tarangire Kashindwa

Shikamoo mama,

Ulinituma Babati kwa dada ili mwanangu Eliya aache ziwa, na dada akanileta mbugani nisimuwaze. Mama, tembo wa kwanza tuliyemwona alikuwa na mtoto mkubwa kabisa anayetaka kunyonya! Akamsukuma kwa mguu. Mtoto akapiga kelele, mama yake akasimama, akampa.

"Kashindwa huyo!" dada akacheka. "Wewe funga macho!"

Nilichelewa. Blauzi ilishalowa maziwa, gari zima linanitazama.

Ila mimi sishindwi. Eliya akilia mbebe mgongoni, mpe uji wa ulezi, na usimwambie narudi lini. Jumapili uje stendi ya Katesh peke yako. Nikimwona pale, nitamnyonyesha hapohapo.

Nawapenda sana nyote wawili,
Mama Eliya