Stuli Niliyomvunjia Bosi

Jumamosi

Mkono bado unauma, na sijutii. Nilimpelekea chakula kazini Idi wangu, mume wangu wa wiki tatu, nikamkuta sakafuni mdomo unavuja damu. Bosi kamtwanga kwa kibodi. "Umeniulia seva, tovuti za wateja zote zimezima," bosi alifoka.

Hakuiua. Mtu huko mtandaoni aliitumia maelfu ya maombi ya kufungua tovuti, yote nusunusu, bila kuyamalizia, na Idi, kwa upole wake, alikuwa ameipanga seva imsubiri kila mtu amalizie ombi lake, bila kikomo. Kumbukumbu yake ikajaa, seva ikazima.

Nikavunja stuli mgongoni mwa bosi. "Mguse tena uone."

Idi akajifuta damu, akaiwekea seva kikomo cha kusubiri sekunde kumi tu. Ikawaka tena. Jamani, nampenda.

"Jumatatu uje kazini," bosi akagugumia. "Mkeo abaki nyumbani."

Jumatatu nitampelekea Idi pilau, huko huko kazini.