Mlango wa Upande Wangu

Shangazi mshauri, naomba unisaidie kabla sijamtukana kaka yangu mbele ya watu. Mimi nauza magari, na kwenye mbio za magari ndimi msoma ramani wake, yeye anashika usukani mimi nakaa pembeni, na tunashindana kundi la magari ya kawaida, yaani gari lazima liwe lile lile linaloundwa kwa maelfu na kuuzwa dukani kwa yeyote, yale yaliyoundwa machache kwa ajili ya mbio tu yana kundi lake, na siku zote tumejisifu kwamba letu ndilo hili hili ninalowauzia walimu na kina mama wenye watoto, sasa juzi nimefunga mlango wangu ukawa mwepesi kama kifuniko cha sufuria, na mlango kama huo nawafungulia wateja kutwa, uzito wake naujua kwa mkono, nikagonga, ndani kutupu, chuma cha kumkinga abiria kaka amekitoa ili gari lipungue uzito, nikagonga wa kwake, chuma kipo. Nikamuuliza mbona wangu tu, akanijibu bila haya, "Wakaguzi hufungua mlango wa dereva." Mama anasema nisimchongee, atafungiwa, damu nzito kuliko maji, na fainali ni Jumapili. Nifanyeje?

Msoma Ramani

Pole, mwanangu, na sasa nisikilize. Kile chuma kiliwekwa kwa ajili ya mtu anayekaa pale, na sheria inataka gari lenu lifanane na la dukani ili mtu kama kaka yako asikitoe. Akitaka gari jepesi, kundi lake lipo, aende. Haendi kwa sababu huko atashika mkia. Anataka kombe la gari la kawaida kwa gari lisilo la kawaida, na wewe ulipie kwa mbavu zako.

Nawe unanikera. Umegonga mwenyewe, umesikia kutupu, bado unauliza ufanyeje? Mama yako namheshimu, lakini hiyo damu anayoisema itamwagika kwenye kiti chako.

Leo hii mwite kaka, mama akiwepo. Mwambie Jumapili mbadilishane viti, wewe uendeshe, yeye akae kwenye mlango mwepesi. Atakataa, na mama asikie kwa masikio yake akikataa. Asiporudisha chuma, Jumapili usipande. Wasubiri wakaguzi, uwafungulie mlango wa upande wako.