Inchi Mbili Kwenda Chini

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kaondoka na lori. Miezi miwili! Kabla ya kupanda akatusimamisha mimi na mkewe nyuma ya jiko, kwenye kile kiwanja cha takataka, akatoa hukumu. Wifi anataka pamwagwe zege apate pa kuanikia nguo. Mimi nimesema nataka kulima. Kwa nini nimesema hivyo hata sijui. Maisha yangu yote nimeshona. Mchicha naujua ukiwa fungu sokoni, umefungwa kamba. Lakini nilipomsikia Wifi, huyu Malkia wetu, anasema kuna vitu humu ndani vimekaa tu havina kazi, huku ananitazama mimi, mdomo ulifunguka wenyewe.

Kaka akasema basi, nikirudi nikakuta kuna kitu kimeota, patakuwa pa dada. Nisipokuta, zege. Akamgeukia mkewe, ambaye mawaridi yake ya mbele yanajulikana mtaa mzima. Akamwambia, na wewe umfundishe. Wifi akainamisha kichwa, nitamfundisha, mume wangu. Sauti laini, utadhani si yake.

Huu ni mwaka wa pili naishi humu, tangu macho yalipoanza kuweka ukungu nikafunga duka. Cherehani iko stoo, chini ya magunia. Sina hata msumari wangu ukutani. Nakitaka kile kiwanja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tatu nachimba. Nimetoa kandambili moja ya kushoto, vipande vya chupa, springi za kitanda, na mfuniko wa sufuria ambao Wifi amekuwa akiniuliza tangu mwaka jana kana kwamba niliumeza. Nimeuosha nikamwekea mezani. Akauchukua akaupeleka jikoni.

Malengelenge manne mkono wa kulia — mkono wa mkasi!

Yeye kaketi kizingitini anachambua mchele. Nikamuuliza, wifi, udongo wa hivi unafaa? Akasema udongo ni udongo. Ndilo somo la kwanza hilo. Asante mwalimu.

Jumanne, 11 Machi

Nimepanda! Mchicha, spinachi, na maua ya zinia kwa ajili ya macho yangu haya, kwa sababu zinia zinang'aa na nitaziona hata kwa mbali. Mwenye duka la mbegu kanielekeza vizuri, ni mtu wa maneno machache. Mbili kwenda chini, thelathini kati ya shimo na shimo. Sikumuuliza mara mbili. Kupima ndiyo kazi yangu.

Nikachukua tepu yangu ya kushonea. Nikakunja alama kwenye kijiti, mbili kamili, nikawa nachoma shimo, natumbukiza mbegu, nafukia, nashindilia. Kati ya shimo na shimo thelathini bila kupungua hata nusu. Mistari imenyooka kuliko pindo la gauni la harusi. Niliona nafasi ni kubwa, kiwanja kikaisha mbegu zikabaki, nikasema sawa, mimea nayo inahitaji kupumua.

Wifi alisimama mlangoni kutwa nzima. Hakuwa na kazi leo? Aliitazama ile tepu, akakitazama kijiti, akasema fundi ni fundi tu. Kisha akaingia ndani na nikamsikia anacheka jikoni peke yake. Acheke.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna kitu. Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni. Udongo mtupu.

Wifi, huku akikata vitunguu, kaniuliza kama mafundi wa zege waje kupima mapema. Nimemwambia aangalie asije akajikata na kisu chake cha vitunguu.

Jumatatu, 24 Machi

Imeota! Imeota! Imeota!

Mvua ya siku mbili imefanya kazi. Kijani kila mahali, hata kati ya mistari, hata pembeni kule ambako sikumbuki kupanda. Bila shaka maji yalizisukuma mbegu. Nimeinama mpaka pua ikagusa udongo ili nione vizuri. Majani mawili mawili, manene, yana afya. Nilitaka kumpigia kaka simu nikajizuia. Atajionea mwenyewe.

Na Malkia! Kaja na kopo lake la kumwagilia, lile la shaba asilolitoa kwa mtu. Hongera wifi, mwagilia tu, usichoke. Kanikabidhi mkononi. Nilishikwa na aibu kidogo kwa yote niliyoyaandika humu juu yake. Kidogo tu.

Jumanne, 1 Aprili

Imenifika kwenye kifundo cha mguu. Sijawahi kukuza kitu chochote maishani mwangu kikanitii hivi.

Leo nilikuta vijimea vitano vyembamba vimejitokeza kwa taabu, vimejipanga mstari mmoja, rangi imepauka. Vinaning'inia tu katikati ya wenzao wanono. Nikamuita Wifi nimuulize. Akaja mpaka karibu, akachuchumaa, akavishika kwa ncha ya kidole. Akavigeuza kimoja kimoja. Kisha akasema hivyo toa, vinakula chakula cha wenzao. Nikang'oa vyote vitano.

Jumapili, 13 Aprili

Wageni wa Wifi walikuja, wanawake watatu wa kikundi chake. Akawaleta mpaka nyuma. Njooni muone bustani ya wifi yangu. Mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Mwingine akasema jamani, kweli imestawi. Wakarudi sebuleni haraka haraka na mlango ukafungwa. Kicheko kilisikika mpaka chumbani kwangu. Watu wengine hawana adabu hata wakisifia.

Zinia bado hazijatoa ua hata moja. Mchicha wangu una vinywele kwenye shina. Aina ya kisasa, nadhani.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika nikiwa bado na mkoba begani.

Nilikata tawi moja, nikalizungushia gazeti, nikaenda dukani kumuuliza mwenye duka kama muda wa kuvuna umefika. Kaka anarudi Jumamosi ya wiki ijayo, nilitaka nimpikie mwenyewe kwa mikono yangu. Mzee wa watu akafungua gazeti. Akanusa. Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma siipendi.

Mama, hili ni gugu. Mbuzi wenyewe wanalipita. Umeshalila? Nikasema bado. Akasema shukuru Mungu, hili ukilipika litakutapisha kutwa.

Nikamwambia haiwezekani, nimepanda kama ulivyosema, mbili kwenda chini, thelathini kati. Nikatoa tepu kwenye mkoba nimuonyeshe. Akaitazama. Akaigeuza upande wa pili, taratibu. Upande wa sentimita. Miaka thelathini na moja nimeshona nguo za watu na sijawahi kuutumia upande ule! Kiuno inchi, kifua inchi, mguu inchi. Mbegu ndogo kama punje ya mchanga nimezifukia inchi mbili na nikazishindilia. Zile chache zilizojikokota mpaka juu niliziona. Nilizing'oa mwenyewe.

Hapo ndipo akaniuliza, kwani wifi yako hakukwambia? Alikuja mwezi uliopita kuchukua mbolea ya mawaridi, akanisimulia wewe umezika mbegu kama maiti. Tulicheka sana. Nilijua atakwambia.

Alijua! Tangu siku ile ya tepu alijua. Alijua aliponipa kopo. Alijua alipochuchumaa akavishika vile vijimea vitano, spinachi zangu tano, akavigeuza, akafikiri, halafu akasema toa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekata mawaridi yake.

Yote. Alikwenda kwenye kikundi saa nne, nikachukua mkasi wangu wa vitambaa, mkubwa, nikaenda mbele. Mekundu, ya njano, lile jeupe analolipigia picha. Niliyakata mpaka vikabaki visiki vyenye miiba. Mikono imechanika, damu mpaka kwenye gauni. Nilijisikia vizuri. Sitaandika humu uongo kwamba nilijuta.

Aliporudi nilikuwa nimeketi kizingitini, mahali pake, nachambua mchele. Akasimama getini. Akayatazama maua chini, akautazama mkasi miguuni pangu. Nilisubiri apige kelele. Nilikuwa na majibu tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Akapita. Akaniambia tu, wifi, mchele huo umeshachambuliwa.

Jumapili, 27 Aprili

Tunakula kwa zamu. Akiingia jikoni natoka.

Nimefikiria kung'oa magugu yote. Lakini kaka akikuta udongo mtupu, ni zege. Akikuta kijani — kaka ni mtu wa barabarani, mboga kwake ni kitu kinachofika kwenye sahani. Hawezi kujua. Kitu kimeota, si ndivyo alivyosema? Wa kumwambia ni Wifi tu. Na Wifi akisema ni magugu, itabidi aseme tangu lini anajua, na kwa nini mwanafunzi wake alimwagilia magugu wiki tano kwa kopo lake.

Basi hawezi kusema. Na mimi siwezi kusema.

Hata hivyo nimepanda upya. Mstari mmoja, ukingoni, karibu na njia. Sentimita mbili. Nimepima mara tatu, kwa miwani na kwa kidole.

Jumatano, 30 Aprili

Wanaume wawili wameshusha mifuko ya saruji ukutani. Wifi kawaambia waiweke isilowe, kazi ni wiki ijayo. Alisema kwa sauti ili niisikie chumbani.

Ijumaa, 2 Mei

Mambo mawili. La kwanza: mchicha wangu umeota! Wa kweli. Mstari mmoja, kumi na tisa nimehesabu, kila mmoja mdogo kuliko ukucha. Nililia kidogo. Nimefuta machozi kwa kona ya gauni nikamwagilia kwa kikombe.

La pili: visiki vya Malkia vimejaa vichipukizi vyekundu. Kila kisiki, vitatu, vinne! Jirani wa kulia, yule muuguzi mstaafu, kapita akasimama getini. Hongereni, mmepogoa vizuri sana mwaka huu, yalikuwa yamezeeka, mtaona yatakavyochanua. Wifi akasema asante. Kumbe ndivyo yanavyotakiwa kukatwa! Nimemfanyia kazi. Nimechanika mikono kumpendezeshea maua!

Nimerudi chumbani nikaupiga mto ngumi.

Jumamosi, 3 Mei

Kaka kaingia saa sita kasoro, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kuoga, kabla ya maji ya kunywa — twende nyuma!

Tulimfuata wote wawili. Njiani akauliza, maua yamekuwaje? Wifi akajibu haraka, dada yako aliyapogoa. Kaka akanipiga bega. Umeshakuwa bingwa!

Kufika nyuma akapiga kelele ya furaha. Magugu yamemfika kifuani. Akaingia moja kwa moja na mabuti yake, akapitia ukingoni, kwenye ule mstari. Kumi na tisa. Niliuona mguu unashuka nikafungua mdomo, nikamtazama Wifi, naye alikuwa anauangalia mguu ule ule. Buti likatua.

Akachuma. Mikono yote miwili, mafungu makubwa. Akasema dada, pako! Pako kabisa, saruji nitampa jirani. Na leo hatuli kitu kingine, tunakula cha kwako. Akamwekea mkewe mikononi. Pika, mama, nina njaa.

Sasa nimeketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, naandika hapa hapa, sijali nani anaona. Kaka anaoga, anaimba. Wifi kayaosha majani mara mbili. Kayakata membamba, kwa ustadi kabisa. Kakaanga kitunguu, kaweka nyanya, kaweka majani. Hajanitazama hata mara moja. Je, anajua kwamba linatapisha, au anajua tu kwamba ni gugu? Nikimwambia kaka, kiwanja kimekwenda. Wifi akimwambia, ataulizwa tangu lini anajua. Jasho linamtoka puani, na moto wenyewe si mkali.

Maji ya bafuni yamefungwa. Kaka anauliza, tayari? Inanukia mpaka huku!

Wifi kafunua sufuria. Kachota kijiko, kakipuliza. Kanigeukia, mara ya kwanza tangu siku ya mawaridi, na anakileta mpaka mdomoni kwangu.

"Onja chumvi, wifi."